Mafundo Sita ya Uzi Mwekundu

Nyumbani,
6 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tunakula na kulala. Baba yuko njiani na lori lake kama kawaida. Juzi alipita akaoga, akala, akalala saa nne, akaondoka tena. Mama hajambo, ingawa hajui kwamba leo nakuandikia. Bado hajaacha ule uvivu wake wa swichi. Jana alikuwa amesimama ukutani, swichi iko begani kwake kabisa, ananiita mimi kutoka jikoni nije niwashe taa. Nikamwambia, mama, umekuwa malkia? Akacheka, lakini hakuwasha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa sita wanakuja watu watatu kutoka chuo cha ufundi. Kila mwanafunzi anayetaka kuingia huko anasimama mbele yao na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, na kutoka shule yetu watachukua mmoja tu. Wenzangu wanatengeneza redio na masanduku ya kuangulia vifaranga. Mimi nataka kutengeneza koili ya cheche, ile uliyonieleza likizo niliyokaa kwako: koili ya waya mnene ndani, koili ya waya mwembamba juu yake, huku unaingiza umeme wa betri, kule unatoka umeme mkali mpaka unaruka hewani. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nikiingia chuo nitakuwa fundi wa kweli kama wewe. Nisipoingia, mama ameshapanga kunipeleka kwa rafiki yake nikajifunze upishi, na unajua mimi hata chai naiunguza.

Naomba mambo mawili. Kwanza unifundishe. Pili usimwambie mama mpaka siku yenyewe, maana akisikia habari za umeme anakuwa mtu mwingine.

Fyuzi wako


Karakana,
20 Januari

Mpwa wangu Fyuzi,

Marahaba, na marahaba tena. Nimefurahi mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja kuuliza nimepata nini. Nikamwambia mpwa wangu anataka kuutia umeme adabu. Akasema, "Angeanza na hizi mota zako. Zikinguruma nashona shati, mkono mmoja mrefu mwingine mfupi." Anakusalimu. Mimi pia sijambo. Wiki hii nasuka upya mota ya pampu iliyoungua vibaya, harufu yake imeingia mpaka kwenye nguo.

Jina la Fyuzi nilikupa mimi kwa sababu unawaka haraka, na naona sikukosea. Koili unaiweza. Mikono unayo. Kuna watu wazima wamekaa hapa kwangu miaka mitatu hawajui kufunga ncha ya waya, wewe ulijua kwa siku moja: uzi mwekundu, mizunguko miwili, fundo, kitone cha vanishi. Mota yoyote yenye uzi huo mwekundu, mafundi wa mji mzima wanajua nani ameisuka. Fundi haachi ncha wazi. Hata kama hakuna atakayeiona, wewe umeiona.

Sasa sheria zangu, na hizi hazina mjadala. Ikiwa na umeme, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo. Usisogelee chochote kabla hujachomoa betri wewe mwenyewe, usikubali kuambiwa tu kwamba imechomolewa. Usiwe peke yako hata siku moja, mwalimu wako awepo. Na kabla hujaniuliza tena kama ulivyoniuliza likizo ile, hapana, vidole vyangu viwili havikuchukuliwa na umeme. Ni feni la mashine, kama ulivyokwisha kuambiwa.

Mama yako sitamwambia. Hilo ni neno langu kwako.

Mjomba wako


Nyumbani,
25 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba ameleta kalenda ya mwaka huu akaitundika juu ya ile ya mwaka jana, sasa upepo ukipita unaturudisha mwaka jana.

Kazi inakwenda. Fimbo ya katikati nimeitengeneza kwa waya za kufungia nondo, nilizinyoosha moja moja sakafuni mpaka magoti yakawa meusi. Koili ya ndani nimemaliza, mizunguko imelala bega kwa bega, na ncha zote mbili zimefungwa uzi mwekundu. Kile kipande kinachotetemeka, cha kukata na kurudisha umeme, nimekitoa kwenye kengele kuukuu ya shule. Mwalimu wa fizikia, yule tunayemwita Miwani, ndiye aliyenipa. Alisema kengele ile haijawahi kumfurahisha mtu, labda itafurahisha ikiwa cheche.

Vitufe viwili vya shaba vya kurushia cheche ndivyo vilivyonitesa. Mwisho nilifungua vya kichwani mwa kitanda cha mama. Ameona. Anamshuku seremala aliyekuja kukaza miguu ya kitanda, anasema yule mtu ana macho ya wizi. Maskini seremala akipita na baiskeli yake akisalimia, mama anaitikia huku anaangalia pembeni. Naona haya, lakini nitaungama mwezi wa sita.

Sasa sikiliza, hili ndilo limenifanya nishindwe kulala mpaka nikuandikie. Siku ile wazazi wanaalikwa. Nimeamua mama ndiye atakayewasha! Nitamwita mbele, nitamwonyesha swichi, nitahesabu, naye atawasha mbele ya watu wote, cheche iruke kwa kidole chake yeye. Si amenifanya mtumwa wa swichi zake? Siku hiyo atawasha mwenyewe. Nikiuwaza uso wake nacheka peke yangu.

Nitumie ule waya mwembamba nianze kusuka koili ya nje. Mashine ya kuzungushia nimeshatengeneza, ina mpini wa cherehani bovu.

Fyuzi


Karakana,
11 Aprili

Fyuzi,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Kazi zilikuwa nyingi. Mimi sijambo.

Nimefikiria habari ya koili ya nje. Waya ule ni mwembamba kama unywele na mizunguko yake ni maelfu. Ukikatika katikati hutajua umekatikia wapi. Niachie mimi. Nitakusukia hapa kwenye mashine yangu na nitakutumia kwa basi. Usinibishie.

Ikikufikia usiipime kwa mita. Waya mwembamba namna hiyo hata betri ya mita inaweza kuudhuru. Iweke ndani ya sanduku, unga ncha mbili za nje, basi.

Na mama yako mwache akae kwenye kiti chake aangalie kama wazazi wengine. Washa wewe. Kazi ni yako.

Mjomba wako


Nyumbani,
16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nione kama umeendelea nyuma. Hata fundi cherehani hukumtaja. Mnagombana?

Koili imefika. Utingo wa basi aliishika kama ameshika mtoto mchanga wa mtu mwingine. Nilipofungua karatasi nilikaa tu nikaitazama. Vanishi yake inang'aa, huwezi kuona mahali ilipoanzia wala ilipoishia, na zile ncha mbili za nje zina uzi mwekundu. Sikufichi, uliposema nikuachie niliumia kidogo, kwa sababu nilitaka kusema yote ni yangu. Lakini Miwani ameuliza, na wale watu wanaruhusu kipande kimoja kutoka kwa fundi mradi useme. Nitasema kwa sauti kubwa: koili ya nje imesukwa na mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha.

Sijaipima. Miwani alikuja na mita yake nikaifunika koili kwa mikono yote miwili. Nikamwambia mjomba amekataa, na mjomba hajawahi kunidanganya. Kuijaribu pia sijaweza, maana betri ninayoitegemea ni ya lori, na baba atafika nayo asubuhi ya siku ile ile. Nimemwambia nina shida na betri yake kwa saa moja. Hata hakuuliza ya nini, alisema tu nisiimwage maji.

Kuhusu mama, nisamehe, hapo sikusikilizi. Atawasha yeye.

Fyuzi


Nyumbani,
19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Haikuwaka.

Meza yangu ilikuwa ya tatu, karibu na dirisha. Walikuja wote watatu, mzee mwenye mvi, kijana mwenye tai, na mama mmoja aliyevaa buti za kazi. Nilieleza vizuri, sikukwama hata mahali pamoja, na wewe nilikutaja. Halafu nikamwita mama. Alikuja anatabasamu, akaona vitufe vyake vya kitanda, akataka kucheka. Kisha akaona waya na sanduku, uso ukabadilika.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kwako, mama. Nikihesabu mpaka tano, washa."

Alificha mikono yote miwili ndani ya mtandio. "Washa wewe," akasema. "Mimi siwezi." Nikambembeleza mbele ya watu, akatikisa kichwa kama mtoto. Wazazi wengine wakacheka, wakidhani anaona aibu.

Nikawasha mwenyewe. Kipande cha kengele kikatetemeka inavyotakiwa, vitufe vikatazamana, basi. Nikachomoa betri, nikavisogeza karibu, nikawasha tena. Hakuna kitu. Yule mama wa buti akaniuliza, "Koili ya nje uliipima?" Nikasema hapana. "Kwa nini hukuipima?" Jibu lilikuwa wewe, sikutaka kukutaja tena. Akaandika kwenye karatasi yake.

Nafasi amepewa yule mwenye sanduku la vifaranga. Muda wote nilipokuwa nimesimama pale, vifaranga vyake vilikuwa vinalia.

Kuna jambo jingine. Ilipokataa kuwaka nilimtazama mama. Alikuwa anashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mjomba, alifurahi. Mama yangu alifurahi niliposhindwa. Tangu siku ile sizungumzi naye vizuri. Akiniita namwashia taa, narudi chumbani.

Niambie nilikosea wapi.

Fyuzi


Karakana,
30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole sana. Nimesoma barua yako nikaikunja, nikaisoma tena. Usife moyo. Hata mafundi wakubwa hukutana na siku kama hiyo, na mwakani hao watu wanakuja tena.

Huenda ni lehemu yako. Lehemu ya mtu anayeanza inang'aa juu, chini haijashika. Au ni unyevu wa njiani. Nirudishie koili kwa basi, usiifungue, nitaiangalia mwenyewe.

Mama yako usimkasirikie. Ana sababu zake, na si mimi wa kuzisema.

Fundi cherehani hajambo. Hatukugombana.

Mjomba wako


Nyumbani,
17 Julai

Kwa fundi wa karakana,

Barua hii haina shikamoo. Nimeiandika mara nne, na mara zote nne mkono ulianza na shikamoo kwa mazoea, nikachana.

Uliposema ni lehemu niliamini. Nilikaa siku kumi nikilehemu ncha zile zile. Nalehemu, nakata, nalehemu tena, mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge. Nikaanza kuitazama mikono yangu kama ya mtu nisiyemjua. Nilimwambia mama amwandikie rafiki yake wa upishi. Nilimwambia kwamba umeme basi, sina mikono.

Miwani ndiye aliyekuja nyumbani na mita. Safari hii hakuniomba ruhusa. Aligusa ncha mbili, mshale ukalala pale pale. Akasema, "Humu ndani pamekatika. Lehemu yako haina kosa, mtoto. Hii ni lehemu safi."

Nikaifungua. Nilianza Jumamosi asubuhi juu ya meza ya sebuleni, tabaka moja moja, karatasi moja moja ya nta. Tabaka la tisa nikakuta waya umekatika. Unajua nilisema nini? Nilisema, maskini Mjomba, umemkatikia bila yeye kujua, nitamwandikia kwa upole asione haya. Halafu nikatazama vizuri. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa. Uzi mwekundu, mizunguko miwili, fundo, kitone cha vanishi. Moja upande huu wa koili, nyingine upande ule, mbalimbali zisionane. Juu yake karatasi ya nta, na tabaka linalofuata limeanza kwa unadhifu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Waya ukikatika wenyewe haujifungi uzi.

Tabaka la kumi na nne, hivyo hivyo. Tabaka la ishirini, hivyo hivyo. Umekata mara tatu, umefunga ncha sita, mafundo sita. Hata kuharibu umeshindwa kuharibu ovyo. Ungeziacha ncha wazi ningeamini ni bahati mbaya maisha yangu yote.

Ukanikataza kuipima. Ukanikataza kuifungua. Nafasi ya chuo umeninyang'anya, sawa, mwakani nitasimama tena. Lakini lehemu! Ulijua, ukaniambia ni lehemu yangu. Mikono hii ulinisifia wewe, halafu ukaniacha niichukie, na ulikuwa na ukweli mfukoni. Mimi nilisimama mbele ya wale watu nikakutaja kwa kujivuna.

Nijibu moja tu. Ni mama aliyekutuma? Ulimpelekea siri yangu? Usiniandikie habari za fundi cherehani.

Binti wa dada yako


Karakana,
28 Agosti

Binti wa dada yangu,

Ni mimi. Mama yako hakunituma. Hakujua lolote mpaka alipoiona mezani. Neno langu kwako juu ya hilo nililitunza, na naona ndilo pekee nililolitunza.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kusema ninayoyasema sasa. Sikuipata.

Vidole vyangu havikuchukuliwa na feni. Nilikuwa na miaka kumi na sita kama wewe. Nilitengeneza chombo changu kwenye chumba cha nyuma, nyumbani kwetu, chenye nguvu kuliko chako na bila mwalimu. Nilihitaji mtu wa kusimama kwenye swichi wakati mimi napanga vitufe. Mama yako alikuwa na miaka tisa, alikuwa ananifuata kila niendapo. Nikamwambia, hesabu mpaka ishirini, polepole, halafu washa. Alihesabu vizuri kuliko mtu mzima. Mimi ndiye niliyekawia. Niliona kitufe kimoja kimelegea, nikarudisha mkono kukikaza. Akafika ishirini. Alifanya kama nilivyomwambia.

Vidole viliungua, hospitali wakavitoa. Nyumbani nilisema nilikuwa peke yangu na niliwasha mwenyewe. Mama yako nilimwambia, wewe hukuwepo. Nilimwapisha asiseme kwa mtu yeyote. Kwa majirani, na baadaye kwenu nyinyi watoto, ikawa feni. Ni miaka ishirini na saba sasa. Mimi na yeye hatujawahi kulizungumza tena hata mara moja. Tangu siku ile hagusi swichi, na nyinyi mnamwita mvivu.

Uliponiandikia kwamba utahesabu naye awashe, nilishindwa kufanya kazi siku mbili. Ningekuambia acha, usingeacha, nakujua. Kukuambia sababu sikuweza. Nikajiambia koili isiyowaka haimuumizi mtu. Nilikosea, imekuumiza wewe.

Lile la lehemu ndilo ninaloliona haya zaidi. Nililiandika ili usiifungue koili. Niliipeleka barua posta haraka kabla moyo haujanisuta. Lehemu yako sijaiona, na nilijua ni safi.

Nisamehe ukiweza. Na nakuomba, usimwambie mama yako kwamba nimekuambia.

Mjomba wako


Nyumbani,
4 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni ya adabu, msamaha bado.

Huku wazima. Baba yupo wiki nzima, lori liko gereji. Seremala amesafishwa jina. Nilipoungama habari ya vitufe, mama alimsimamisha barabarani akamwomba radhi, na mwenzetu hakuwa hata na habari kwamba alikuwa mwizi.

Sikumwambia mama. Nataka ulijue hilo kwanza, maana utadhani ni mimi. Nilikaa na siri yako kimya, na ilinikera. Umenidanganya miezi mitano, halafu barua ile ile unayoungama unanipa kitu kingine cha kuficha.

Nilikuwa naisuka upya koili pale sebuleni. Zile ncha sita nilizikata na mafundo yake nikaziweka kwenye sahani. Mama akaja kufuta meza. Akachukua moja, akalisogeza dirishani.

"Fundo la kaka yangu hili," akasema. "Limefikaje katikati ya waya?"

Akachukua la pili, akachukua la tatu, mpaka yote sita. Mama hajasomea umeme lakini si mjinga. Akaniuliza, "Amekata yeye?" Nikaendelea kusuka. Akasema, basi ni yeye.

Akavuta kiti. Akaniuliza kama najua vidole vyako vilikwendaje. Nikasema feni. "Feni!" akasema, akacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, kibaya. Kisha akanisimulia mwenyewe, tangu moja mpaka ishirini. Niliyasikiliza kana kwamba ndiyo kwanza nayasikia. Tazama, na mimi umenifundisha.

Haya ni maneno yake, nayaandika kwa ruhusa yake. "Kaka yangu anadhani alinificha. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimeona nilichokiona, nimesikia harufu niliyoisikia, halafu naambiwa sikuwepo. Kama sikuwepo, nani angeniambia kwamba sikukosea? Nimengoja aniambie yeye. Kila alipokuja kututembelea nilisema, labda leo."

Mimi uliniandikia kwamba alihesabu vizuri kuliko mtu mzima. Yeye hujamwambia. Umeishi na jambo hilo miaka ishirini na saba, mtu wa kwanza kumpa ni mimi, tena kwa sababu nilikubana. Kwa hiyo sasa nina hasira za watu wawili. Na nimeona ni mkono ule ule. Unakata, unafunga vizuri, unaweka karatasi juu.

Koili tumeisuka mama na mimi. Yeye alizungusha mpini, mimi niliongoza waya. Kuhesabu mizunguko kwa sauti alikataa, nikahesabu mimi. Kila tabaka tulilipima. Jumapili iliyopita mchana tuliitoa uani. Baba alileta betri, Miwani alikuja na buti za mvua na jua linawaka, baba akamcheka. Swichi niliiweka mbali, mwisho wa waya mrefu, juu ya kile kimeza cha kuanikia vyombo.

Mama sikumwita. Niliogopa. Alikuja mwenyewe kutoka jikoni, anafuta mikono, akasimama kwenye swichi.

"Lete mikono yako hapa," akasema.

Nikaiweka yote miwili juu ya meza, mbele yake. Akagusa vidole vyangu kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, polepole, bila kukimbilia. Alipofika kumi akanitazama, akaanza tena upya, akafika kumi tena. Kisha akawasha.

Cheche ilikuwa ndefu kama kidole changu kidogo, ya buluu, na kelele yake iliwafukuza kuku mpaka kwa jirani. Mama hakuondoa mkono kwenye swichi mpaka niliposema inatosha, na alipozima ndipo alipolia. Baba hakuelewa analilia nini. Taa za ndani bado namwashia mimi.

Mafundo yako yamo ndani ya bahasha hii, yote sita. Mama hakuandikii. Anasema amengoja vya kutosha, hawezi tena kuanza yeye. Anwani yetu ni ile ile. Safari hii juu ya bahasha andika jina lake, si langu.

Mpwa wako